Somo: Kuwafundisha watoto wadogo fuwele kwa mikono yao (chumvi, gololi na shabu)

Walimu wenzangu na wazazi, kuna mada naona wengi tunaikwepa kwa watoto wadogo tukidhani ni ya sekondari, nayo ni fuwele, yaani vitu vigumu kama punje za chumvi na sukari. Kiukweli inawafaa sana watoto sababu kila kitu wanakiona na kukishika, na wazo lenyewe ni moja tu: umbo unaloliona nje linatokana na jinsi vitu vidogo mno vilivyojipanga ndani, mpangilio uleule unajirudia kila upande. Mtoto akilielewa hilo, habari za atomu na chaji atakutana nazo madarasa ya mbele na hazitamsumbua.

Ombi moja kabla hatujaanza, usifungue somo kwa kuandika maana ubaoni. Ukishaandika "fuwele ni yabisi ambayo..." watoto wanakariri na hakuna anayeangalia tena. Waone kwanza, neno lije baadae.

Nimelipanga kwa watoto wa miaka 6 mpaka 9 hivi. Andaa chumvi ya kawaida na ya mawe, sukari, karatasi nyeusi, lenzi ya kukuzia, gololi nyingi za saizi moja na chache kubwa, sahani bapa au trei, karatasi za rangi mbili, chaki, shabu, uzi mwembamba na chupa za glasi zenye mdomo mpana.

Hatua ya 1: Kuangalia

Mwaga chumvi kidogo kwenye karatasi nyeusi, kidogo kabisa, punje zisilaliane. Kila mtoto apate zamu ya lenzi na achore punje tatu anazoziona, usimwambie atafute nini. Ukipita kwenye madaftari utakuta viboksi vimejaa, vingine kona zimelika, vingine vimeungana viwili, ila ni viboksi. Hapo ndo unauliza: nani amevikata hivi? Waache wabishane, usijibu. Kisha sukari, nayo ina nyuso bapa zinazong'aa lakini boksi lake ni refu na limeinama upande, na watoto wenyewe watakwambia hazifanani. Waambie mapema kabisa kwamba kwenye somo hili hakuna kuonja kitu chochote, hata kama wanakijua, sababu huko mbele kuna shabu na mtoto akishazoea kulamba chumvi atalamba na hiyo.

Hatua ya 2: Gololi kwenye trei

Weka gololi za saizi moja kwenye trei, inamishe kidogo upande mmoja alafu itikise taratibu. Mwanzo zinakaa shaghalabaghala, ukiendelea kutikisa zinaanza kujipanga safu kwa safu bila mtu kuzigusa. Mwambie mtoto achague gololi moja ya katikati ahesabu majirani wanaoigusa pande zote, atapata sita. Achague nyingine, sita tena. Waache wahesabu mpaka wachoke maana hapa ndo wanagundua kwamba mpangilio unajirudia, hawajaambiwa na mtu.

Sasa chomeka gololi moja kubwa katikati. Safu zinazoizunguka zinapinda, panatokea mapengo, na ukiangalia vizuri kasoro inaendelea mpaka mbali kidogo na gololi yenyewe. Hata fuwele halisi zina kasoro za namna hii. Ukiwa na gololi za kutosha panga na ghorofa ya pili, kila moja itakaa kwenye kishimo kati ya tatu za chini. Atomu za shaba na dhahabu zimebanana kwa staili hiyohiyo. Chumvi yenyewe haikujipanga hivi, ndo maana tunaenda hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Watoto wanakuwa chumvi

Hii ndo ninayoipenda kuliko zote na naomba msiiruke. Chora chini miraba 16, minne kwa minne, kila mraba wa kutosha mtoto mmoja kusimama. Watoto nane wavae karatasi nyekundu kifuani, nane bluu. Nyekundu ni sodiamu, bluu ni klorini, yaani chembe mbili zinazounda chumvi, moja ina chaji chanya na nyingine chaji hasi (zinazofanana chaji zinasukumana). Sheria ni moja, rangi sawa hazikai ubavu kwa ubavu. Usiwaonyeshe jibu, waambie tu waingie kwenye miraba wakae kwa sheria hiyo. Kutakuwa na kelele, kusukumana, "wewe toka hapo", alafu ghafla mmoja ataona kwamba lazima zipishane moja moja na wote watakaa. Mpangilio huo ni sahihi kabisa, ndani ya chumvi kila sodiamu imezungukwa na klorini na kila klorini imezungukwa na sodiamu, wanne kwa usawa wa sakafu kama mlivyosimama, mmoja juu na mmoja chini, jumla sita.

Baada ya hapo waambie safu mbili za mbele wote wasogee mraba mmoja kulia. Basi. Sasa kila mtoto aangalie aliye nyuma au mbele yake pale safu zinapokutana: nyekundu inatazamana na nyekundu, bluu na bluu. Sheria inasema haiwezekani, kwa hiyo safu za mbele zikimbie mbele na za nyuma zirudi nyuma. Wanaachana kwa mstari ulionyooka, darasa limepasuka vipande viwili.

Hapo hapo, kabla hawajasahau, chukua bonge la chumvi ya mawe, lifunge kwenye kitambaa kizito, wewe mwalimu ndo ugonge kwa nyundo na watoto wakae mbali. Fungua kitambaa. Chagua vipande vyenye nyuso laini zinazong'aa kama kioo, weka kona ya karatasi kwenye kona ya kipande, inakaa sawasawa maana ni pembe mraba. Pigo limesogeza safu, chaji zinazofanana zikatazamana, zikasukumana, bonge likaachana kwa kunyooka vilevile kama watoto walivyoachana. Lile swali la nani amekata viboksi limejibiwa na sio wewe uliyelijibu.

Kwa faida ya mwalimu: mpangilio huu ulithibitishwa kwa eksirei na William Lawrence Bragg mwaka 1913, na 1915 yeye na baba yake wakapewa Nobel ya fizikia, yeye akiwa na miaka 25. Kilichoshangaza watu wakati ule ni kwamba ndani ya chumvi hakuna sodiamu moja na klorini moja walioshikana wawili peke yao, ni mpangilio mmoja unaoendelea, hivyo usiwachoree watoto jozi jozi.

Hatua ya 4: Kujenga kwa vijiti

Udongo wa kufinyangia wa rangi mbili, rangi moja sodiamu na nyingine klorini, wauunganishe kwa vijiti wajenge mchemraba. Nusu saa inatosha.

Hatua ya 5: Kukuza fuwele ya shabu

Maji ya moto ni kazi ya mtu mzima. Chukua robo lita hivi, weka shabu ya unga kijiko kimoja kimoja huku unakoroga, ikifika mahali haiyeyuki tena maji yameshiba. Chuja kwa kitambaa safi, mimina kidogo kwenye kisosi na kingine chote funika kwa karatasi laini ili vumbi lisiingie lakini mvuke utoke. Kesho yake kisosini kutakuwa na fuwele ndogo ndogo. Chagua moja iliyo angavu, yenye nyuso nzuri, hiyo ndo mbegu. Ifunge kwa uzi, chuja tena yale maji yaliyopoa alafu ining'inize katikati ya chupa isiguse kuta wala chini. Weka mahali ambapo jua halipigi na hapatikisiki.

Kila siku watoto wachore na wapime kwa rula. Ikikua vizuri utapata umbo lenye nyuso nane za pembetatu, piramidi mbili zimeunganishwa kitako kwa kitako. Zile zilizolala chini ya kisosi zinakuwa bapa na watoto watasema zimeharibika. Kata kadibodi pengo linalokaa sawasawa kwenye ukingo ambapo nyuso mbili za pembetatu zinakutana, alafu pengo hilohilo jaribu kwenye fuwele ya kikundi kingine, na kwenye ile bapa pia. Linakaa. Saizi zinatofautiana, pembe ni ileile. Mwaka 1669 mwanasayansi Nicolaus Steno aliligundua hili kwa kuchunguza fuwele za kwazi (madini yanayopatikana sana kwenye mawe na mchanga), na watoto wako wanalipata kwa kipande cha boksi.

Wakimaliza wanawe mikono kwa sabuni na wasiguse macho. Kuna watu wanapenda kutumia salfeti ya shaba kwa ajili ya ule ubluu wake mzuri, kwa watoto wadogo hapana, ni sumu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu hongera kwa somo. Mimi nina wa chekechea, miaka 4 na 5, si watachanganyikiwa?

Jibu: Asante sana mwalimu. Kwao fanya hatua ya 1 na ya 2, na ile ya rangi mbili punguza iwe miraba minne tu. Usitaje sodiamu, sema "wekundu na wabluu". Gololi uwe karibu muda wote, hao bado wanaweka vitu mdomoni, bora utumie mipira midogo ya plastiki isiyoingia mdomoni. Na usiogope kwamba ni mapema, Dorothy Hodgkin aliyepata Nobel ya kemia 1964 alianza kuvutiwa na fuwele akiwa na miaka 10 tu.

Swali: Darasa langu lina watoto wengi sana na lenzi ni moja, hapo inakuwaje?

Jibu: Tone la maji juu ya plastiki angavu ni lenzi tosha, litakuza. Lisogeze juu ya punje taratibu mpaka uone vizuri. Pia kamera ya simu ukivuta karibu inaonyesha kona kabisa, unawapitishia vikundi.

Swali: Samahani ticha, shabu sijapata nikatumia chumvi, nimeyeyusha kwenye maji ya moto nikaacha yapoe, kimya, hakuna kilichotokea. Tatizo nini?

Jibu: Hujakosea kitu ndugu yangu, chumvi ndo tabia yake. Maji mililita 100 yakiwa ya kawaida yanayeyusha gramu 36 hivi za chumvi, yakichemka ni 39 hivi, kwa hiyo yakipoa kinachobaki cha kujitenga ni kidogo mno. Chumvi inataka kukaushwa sio kupozwa. Mimina kwenye sahani bapa, funika na karatasi laini, acha siku kadhaa bila kugusa. Ukianika juani yakauke haraka utapata ukoko mweupe tu. Na maji yakiwa na ukungu toka mwanzo, ni vile vitu vinavyowekwa kuzuia chumvi isigandane, tumia chumvi ya mawe na uchuje.

Swali: Mtoto ameniuliza fuwele ni kiumbe hai sababu inakua, nikabaki sina la kusema.

Jibu: Swali zuri mno hilo, usilipite. Fuwele inakua kwa kubandikwa tabaka juu ya tabaka kutoka nje, chembe zinatoka kwenye maji zinashika nafasi yake kwenye safu. Haili, haipumui, haizai. Kisha mpe jaribio, aitie kwenye maji safi iyeyuke yote, alafu ayaache maji yakauke. Zitarudi fuwele nyingine zenye umbo lilelile. Muulize kama kuku anaweza hivyo.

Swali: Glasi nayo si ni fuwele? Inang'aa na ina kona.

Jibu: Hapana. Ndani ya glasi chembe zimekaa ovyo, kona zake zimekatwa na watu. Ivunje uone, inapasuka kwa kupinda pinda na haina nyuso bapa kama chumvi (hii fanya mwenyewe au wasimulie tu, watoto wasikaribie). Mchanga ni kinyume chake, nje umesagika umeviringika ila punje nyingi ni kwazi na ndani mpangilio upo palepale.

Swali: Mbegu yangu nimeining'iniza jioni asubuhi nakuta uzi mtupu.

Jibu: Maji yalikuwa hayajashiba, au yalikuwa bado ya uvuguvugu, yakaila mbegu. Rudisha shabu kidogo, pasha, koroga, acha yapoe kabisa mpaka uone punje chache zimejitenga chini ya chupa, hapo ndo una uhakika. Chuja, alafu weka mbegu nyingine. Siku zote bakiza mbegu mbili tatu za akiba.