Jinsi ya kufukua habari ya makato ya korosho, hatua kwa hatua

Vijana wanaoanza uandishi huku Mtwara wananiuliza sana habari ya uchunguzi inaanzia wapi. Naeleza kwa mfano wa korosho maana ndo ninayoijua.

Hatua ya 1: punguza swali. "Wakulima wanaibiwa" sio swali, ni kilio. Swali ni hili: AMCOS hii (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), mnada huu, bei ilitangazwa shilingi ngapi kwa kilo, mkulima kaingiziwa ngapi benki, tofauti imeenda wapi. Ushuru wa halmashauri, wa chama, usafiri, ghala, magunia, kila kato liwe na mstari wake kwenye daftari lako.

Hatua ya 2: anza na karatasi za wakulima, usikimbilie kwa mwenyekiti. Hapa ndo kwenye kazi yenyewe, usipaharakishe. Bibi mmoja kule Newala alinifungulia pindo la kanga akatoa stakabadhi, nakala ya kaboni imefifia, kilo zinasomeka 84 au 34 hatuelewani, tukaigeuza tukaimulika kwa tochi ya simu tukaona kalamu ilivyokandamiza kwa nyuma, ni 84, alafu kwenye kitabu cha chama wameandika 34. Karatasi moja inaweza kuwa makosa ya karani tu, kwa hiyo tafuta ishirini, thelathini, za vitongoji tofauti. Piga picha kwa ruhusa, usiondoke na karatasi ya mtu, hiyo ndo hela yake.

Hatua ya 3: mizani. Angalia stika ya Wakala wa Vipimo ni ya mwaka gani, alafu omba upime kitu unachokijua uzito, mimi nabeba mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Ukikataliwa kupima, andika kwamba umekataliwa.

Hatua ya 4: nyaraka. Ripoti ya ukaguzi wa chama inasomwa kwenye mkutano mkuu, mwanachama anaweza kuiulizia. Za serikali omba kwa barua, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 wakujibu, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa la sivyo watakwambia hawajaiona.

Hatua ya 5: mpe unaemtaja nafasi ya kujibu, maswali kwa maandishi na muda wa kutosha. Mwenyekiti mmoja alinitolea risiti zote za magunia, nikafuta aya mbili, na ningezichapa ningekuwa nimemdhulumu.

Hatua ya 6: linda aliekupa habari. Kijiji ni kidogo, ukiandika tu "mjane mwenye mikorosho 40 karibu na kisima" ushamtaja. Msomee sehemu inayomhusu kabla haijaenda kwa mhariri.

Tuzo za EJAT, za umahiri wa uandishi wa habari, za Baraza la Habari Tanzania zipo tangu 2009, shindana, zinasaidia mhariri akupe nauli na siku za kwenda shamba. Ila gazeti kijijini halifiki, kwa hiyo rudi nalo mwenyewe, kabla ya mkutano wa chama, lisomwe kwa sauti. Yule bibi hajui kusoma, tulimsomea barazani, akasema hebu rudia hapo kwenye 84. Nikarudia. Kilo zake 50 zililipwa awamu iliyofuata.