Mtetemo Usioeleweka katika Gari la Dizeli: Namna ya Kuutafuta Kabla ya Kununua Kipuri

Dereva anapofika gereji hapa Mtwara na kusema tu kwamba gari linatetemeka, mara nyingi anaambiwa abadilishe maunti, yaani mipira inayobeba injini. Huenda fundi akapatia, lakini huenda pia mteja akalipia maunti mbili na kurudi nyumbani na mtetemo ule ule. Kabla ya mtu yeyote kushika spana, lipo swali la kujibu: je, mtetemo unafuata mzunguko wa injini au mwendo wa magurudumu?

Anza gari likiwa limesimama mahali tambarare. Liache kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta, mpaka lipate joto, kisha weka juu ya dashibodi chupa ya maji iliyojaa nusu. Injini ya dizeli hutikisika kuliko ya petroli, kwa kuwa huibana hewa kwa nguvu zaidi hadi mafuta yawake bila plagi, hivyo mawimbi madogo ya haraka katika chupa si kasoro. Maji yakiyumba kwa pigo zito linalojirudia, kama mwendo wa mtu anayechechemea, shuku kwamba silinda moja haichomi sawasawa. Katika injini ya silinda 4 inayozunguka mara 750 kwa dakika, kila silinda huwaka takribani mara 6 kwa sekunde, na pigo la namna hiyo huhisika hata mkononi. Ikiwa gari zima linatetemeka bila kuchechemea, hasa AC inapowashwa, na hali inatulia ukikanyaga mafuta kidogo, hapo ndipo maunti au sailensa iliyo chini mno inapostahili kuchunguzwa.

Hatua ya pili ni barabarani. Tafuta kipande cha lami kilichonyooka, kisicho na msongamano, na ufike mwendo ambao mtetemo hujitokeza. Rudia mwendo huo huo ukiwa na gia tofauti. Mtetemo usiojali gia unatoka kwenye magurudumu au shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu; ule unaohama kila gia inapobadilika unatoka kwenye injini au klachi. Unaweza pia kuweka gia huru kwa sekunde chache na kuliacha gari liserereke, lakini usizime injini kamwe, kwa sababu usukani utakuwa mzito papo hapo, na breki baada ya kukanyagwa mara chache.

Gari langu lilinisumbua hivyo baada ya safari ya Newala wakati wa mvua. Lilipofika kilomita 80 kwa saa kiti kilitikisika, ilhali usukani ulikuwa umetulia, na hilo pekee lingetosha kunielekeza nyuma, maana gurudumu la mbele likiwa na kasoro kwa kawaida usukani ndio unaoanza kulalamika. Nilikwisha kuulizia bei ya maunti nilipoinama na kuona, upande wa ndani wa rimu ya nyuma, bonge la udongo mwekundu lililokauka, lenye ukubwa wa kiganja. Katika mwendo ule gurudumu huzunguka karibu mara 10 kwa sekunde, kwa hiyo hata uzito mdogo uliokaa upande mmoja hulitikisa gari. Bisibisi na ndoo ya maji vilimaliza kazi.

Ikiwa dalili zinaelekea kwenye injini, anza na vitu vya bei nafuu: filta ya dizeli iliyoziba na mpira wa mafuta unaoingiza hewa, hasa kama kazi ya filta imefanyika karibuni. Baada ya hapo ndipo zifuate nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya silinda. Katika injini za zamani zenye pampu ya kawaida, kama 3L au 1HZ za Toyota, fundi hulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine huku injini ikiwaka. Silinda ambayo mlio haubadiliki bomba lake likilegezwa ndiyo mgonjwa. Injini mpya zenye mfumo wa komoni reli, yaani bomba moja la pamoja linalolisha nozeli zote kwa shinikizo kubwa, kama 1KD-FTV ya Toyota, zisifanyiwe hivyo hata kidogo, kwa sababu shinikizo la mafuta linaweza kupita bar 1,000 na mchirizi wake hupenya ngozi. Hizo hupimwa kwa mashine ya uchunguzi.

Mtetemo unaotokea wakati wa kukanyaga breki pekee kwa kawaida ni wa diski au ngoma, hauhitaji utafiti mrefu. Ule wa pickup unaobadilika gari likibeba mzigo, kama magunia ya msimu wa korosho, huelekeza kwenye propela shafti, ile ndefu inayotoka gia boksi kwenda nyuma, na krosi zake, yaani viungo vinavyoiwezesha kujipinda, kwa kuwa uzito hushusha bodi na kubadilisha pembe ya shafti. Ishike kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamewekewa vigingi, uitikise: krosi haitakiwi kucheza. Ikibidi kuifungua, ipigwe kwanza alama ya rangi kwenye shafti na kwenye flanji yake, yaani sahani inayofungwa kwa boliti, ili irudishwe pale pale ilipokuwa, la sivyo mtetemo mpya utazaliwa siku hiyo hiyo.