Vyeti kwanza, tiketi baadaye

Mwalimu kijana unayejiandaa kwenda kufundisha ng'ambo, shughulikia shahada yako kabla hujatafuta tiketi. Nchi nyingi hazipokei cheti cha chuo hivi hivi. Zinataka kiwe na apostili, yaani uthibitisho unaotambuliwa na nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 1961. Apostili hutolewa na mamlaka ya nchi ilikotoka hati, si na ubalozi wa huko uendako. Ndiyo maana ukishaondoka kazi inakuwa ngumu: itabidi umwagize mtu, au utume cheti halisi kwa posta ukiwa na hofu kisipotee. Kama nchi ilikotoka hati au ile uendako haimo kwenye mkataba, hati hupitia wizarani kisha ubalozini, na hapo wiki huyeyuka. China bara ilikuwa hivyo hadi Novemba 2023, mkataba ulipoanza kutumika huko, kwa hiyo usifuate maelekezo ya zamani.

Cheti cha tabia njema cha polisi kiombe mwishoni, kwa sababu mara nyingi hukubaliwa kikiwa cha miezi michache tu.

Na tafadhali sana, shule ikikwambia "ingia kwa viza ya utalii, tutarekebisha ukifika", kataa, isipokuwa umeisoma mwenyewe sheria ya huko inayoruhusu. Ukikutwa darasani bila kibali, unayefukuzwa nchini ni wewe, na mshahara ambao umekwisha kuutolea jasho utaudai ukiwa mbali, bila mtetezi.