Kupanga upya ratiba ya mwaka wa kwanza chuoni: mwongozo kwa waratibu wa vitivo

Katika vitivo vingi vya vyuo vyetu hapa Uganda, ratiba ya masomo hunakiliwa kutoka ile ya mwaka uliopita, kisha hurekebishwa kufuata siku wanazozitaka wahadhiri na kumbi zilizobaki wazi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao wakati huo hawajafika na hawana wa kuwasemea, huachiwa makombo. Nimepanga ratiba kwa njia hiyo kwa miaka kadhaa, na ninamwandikia mratibu mwenzangu kwa sababu naamini utaratibu huo unapaswa kugeuzwa: mwaka wa kwanza upangwe mwanzo, kumbi zote zikiwa bado tupu, na wengine wafuate.

Anza kazi mwezi Mei, ili Agosti ikukute umeshamaliza kubishana na idara. Mwombe msajili wa taaluma matokeo ya mwaka wa kwanza ya miaka mitatu iliyopita, somo kwa somo, bila majina ya wanafunzi, uone ni masomo gani huangusha wengi. Kwetu yalikuwa mawili, hesabu na takwimu, na yote mawili tulikuwa tumeyaweka katika kipindi kimoja cha saa tatu mfululizo, jioni. Somo gumu lipewe saa bora za siku, kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana, ligawanywe katika vipindi viwili vya siku tofauti, na semina yake ifuate kabla siku mbili hazijapita, mwanafunzi akiwa bado anakumbuka alipokwama. Naepuka kuliweka saa mbili asubuhi, kwa kuwa anayetoka Mukono kwa teksi kuja Kampala hushindana na foleni ya barabara ya Jinja, na mvua ya Oktoba ikinyesha hata mwenye bidii huchelewa.

Baada ya hapo, hesabu saa halisi. Kwa kawaida krediti moja ni saa 15 za mhadhara kwa muhula, lakini saa mbili za maabara huhesabiwa kama saa moja. Somo la krediti nne lenye saa 45 za mihadhara na 30 za maabara humweka mwanafunzi darasani saa tano kila wiki, katika muhula wa wiki 15 za kufundishwa. Masomo matano ya aina hiyo yanaonekana kwenye karatasi kuwa krediti 20, na kumbe ni saa 25 za kukaa darasani na maabara, kabla hajafungua kitabu. Ukiona hivyo, zungumza na mkuu wa idara mapema kuhusu kusogeza somo moja muhula wa pili, kwa sababu mabadiliko ya aina hiyo hupita katika vikao na huchukua muda.

Jambo linalofuata ni mapengo, na hapa nakuomba usitegemee kompyuta peke yake. Chukua ratiba ya kundi moja uitembee siku nzima. Nilifanya hivyo Jumanne moja, nikamkuta msichana wa mwaka wa kwanza ameketi kwenye ngazi za jengo la sayansi tangu saa tano asubuhi, na kavera ya karanga mapajani, akisubiri mhadhara wa saa kumi. Hosteli yake ilikuwa mbali, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa bei ya chakula chake cha siku, na maktaba ilikuwa imejaa. Tangu siku ile nimejiwekea kanuni kwamba pengo la mwaka wa kwanza lisizidi saa mbili, na kwamba mhadhara wao wa mwisho umalizike kabla ya saa kumi na mbili jioni, isipokuwa kwa programu zilizosajiliwa kuwa za jioni.

Acha pia nafasi kwa wanaorudia. Somo lililofeliwa mara nyingi hurudiwa linapofundishwa tena mwaka unaofuata, kwa hiyo ukiliweka wakati mmoja na somo la lazima la mwaka wa pili, unamlazimisha mwanafunzi kuchagua moja. Weka ratiba hizo mbili kando kwa kando na uondoe kila mgongano wa masomo yale magumu.

Ijumaa mchana iachwe wazi kwa swala. Kuhusu Jumamosi, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2006 katika kesi ya wanafunzi Waadventista, ambao Jumamosi kwao ni Sabato, waliopinga masomo na mitihani ya siku hiyo katika Chuo Kikuu cha Makerere, na chuo kikashinda. Hata hivyo, kwa maoni yangu ruhusa ya kisheria haimwondolei mratibu wajibu wa kuitumia siku hiyo pale tu anapokosa njia nyingine.

Majaribio nayo ni sehemu ya ratiba. Wahadhiri wakiachwa, wote huyaweka wiki ya kumi na mbili. Panga jaribio la kwanza la kila somo kati ya wiki ya nne na ya sita, yasizidi mawili kwa wiki moja, ili anayeyumba aonekane angali na muda wa kusaidiwa. Wiki mbili za mwanzo zisiwe na jaribio lolote, maana wengi huwa bado wanahangaikia ada.

Ratiba ikishatoka, ifunge. Badiliko la lazima, kama ukumbi kuvuja, litangazwe kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku iliyotangulia, kwenye ubao wa kitivo na kupitia kiongozi wa darasa kwa WhatsApp, likitaja jengo, ghorofa na mlango, kwa kuwa mgeni wa wiki tatu hajui majina ya kumbi ambayo sisi tumeyazoea.