Jino likikuuma Mombasa nawe ni mgeni

Mimi ni mtu wa Maji ya Chai, Arumeru, Tanzania. Nikicheka tu, watu wa soko la Kongowea wanajua nimetoka wapi kabla sijasema neno. Maji ya kwetu yana floraidi nyingi na meno yetu huota na ukahawia tangu utotoni. Hapa nauza vitunguu, mwaka wa nne sasa. Gego lilinianza alfajiri moja tukishusha magunia, na wiki zilizofuata nilikosea karibu kila kitu.

Nilianza na duka la dawa. Brufeni, antibayotiki za siku tano, maumivu yakatulia nami nikasahau. Wiki mbili baadaye shavu liliumuka kama hamri. Dawa hutuliza tu, shimo la jino linabaki palepale likichimba. Mafuta ya karafuu kwenye pamba yatakufikisha asubuhi, sina ugomvi nayo. Asprini usiibandike kwenye ufizi, inaunguza nyama. Na uvimbe ukishuka chini ya taya, ukapata homa au mate yakawa shida kumeza, habari za bei ziache: nenda hospitali usiku huohuo.

Kosa la pili liliniuma mfukoni. Niliingia kliniki ya kwanza niliyoiona, ya vioo na kiyoyozi, nikauliza bei ya kumwona daktari, basi. Risiti ilipotoka ilikuwa na picha ya jino, dawa, na kusafishwa meno ambako sikukuomba. Walisema kusafisha kutaondoa ukahawia. Haukutoka hata chembe, maana rangi ya floraidi imo ndani ya jino lenyewe, si uchafu wa juu. Mwenzangu wa Usa River, au hata wewe wa Bonde la Ufa, hela hiyo usiitoe.

Aliyenisaidia ni mama wa meza ya nyanya. Aliniuliza: "Mama Neema, na Makadara hukwenda kwa nini?" Makadara ndivyo wenyeji wanavyoiita Hospitali Kuu ya Pwani, na kutoka Kongowea ni kuvuka daraja la Nyali tu. Kwa kung'oa na kuziba, anzia hospitali ya serikali. Mimi nilifika saa moja kasoro asubuhi nikatoka saa saba mchana, kwa hiyo siku hiyo ya biashara ihesabu imekwenda. Beba pasipoti au kadi ya mgeni, na pesa kwenye simu. Ukikaa kwenye kiti, kabla ya sindano ya ganzi, uliza: "Daktari, hili haliwezi kuokolewa?" Usione haya. Jino likishang'olewa halirudi, na la bandia litakugharimu zaidi.

Langu liliwezekana kuokolewa, ila kwa kutibu mzizi, yaani kusafisha njia za ndani ya mzizi na kuziziba, na hapo ndipo pa kuzunguka na kulinganisha bei. Nilipiga simu kliniki nne, za kisiwani na za Nyali, na kila moja niliisomea maneno yaleyale niliyoyaandika nyuma ya daftari la madeni: "Naomba bei yote ya kutibu mzizi wa gego la chini mpaka mwisho. Picha imo? Ganzi imo? Kuziba kumo? Kofia je, ni ndani ya bei hiyo au mbali? Nitarudi mara ngapi, na naweza kulipa kila ninapokuja?" Taja ni gego. Jino la mbele kwa kawaida lina njia moja ya mzizi, gego lina tatu au nne, na kila njia ni kazi. Kofia nayo, lile ganda gumu la kufunika jino, isikupite, maana gego lililotibiwa mzizi hupasuka upesi likiachwa bila kufunikwa. Kliniki mbili zilinijibu "njoo kwanza tukuone". Sikwenda.

Kabla ya kulipa, tafuta jina la daktari na la kliniki kwenye tovuti ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno Kenya. Leseni ya kliniki ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo ile ya ukutani isome tarehe. Wako wanaong'oa meno vibandani kwa bei ya sahani ya pilau. Mimi huko sikai.

Bima ya afya: NHIF ya Kenya ilikwisha, tangu Oktoba 2024 ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mgeni anayeishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha, na kwa asiye na mshahara kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Waulize hospitalini, kabla ya kutibiwa, ni kazi gani ya meno wanayolipia.

Kaka yangu alisema nivuke mpaka wa Horohoro nikatibiwe Tanga. Nilipiga hesabu: mara tatu kwenda, mara tatu kurudi, nauli, na vitunguu vinavyochipua gunia halijafunguliwa. Nikabaki.

Ushauri wangu mwingine ni wa ile picha ya jino. Umeilipia, omba nakala yake. Kliniki niliyoichagua haikunipiga nyingine ya kuanzia, iliitazama ileile kwenye simu yangu. Bado ninayo, gego la chini kulia, katikati ya picha za magunia.