Kabla hujapiga stata: kukagua lori Malindi kabla ya safari ya Mokowe

Nianze na barabara, manake ndio sababu ya mengine yote. Ukitoka Malindi na lori limebeba simiti au unga wa kwenda Mokowe, mpaka Gongoni na Marereni ukiharibikiwa bado unapata mtu, mafundi wa tairi wako kando ya barabara, bodaboda wa kumtuma spea wako, chai iko. Ukishapita Minjila ukashika ya Lamu, huko Gamba na Witu, mambo yabadilika. Ni msitu na mbuga, kuna vipande askari, kwa ajili ya usalama, hawataki hata kuona gari limesimama, na zile mvua za mwisho wa 2023 ziliikata barabara pale Lango la Simba magari yakalala njiani. Safari yenyewe ni kilomita 200 na kitu. Kwa hivyo ubovu kama uko afadhali uupate hapa hapa uani, ukiwa bado na ndala miguuni.

Mimi hukagua alfajiri baada ya kuswali, tuktuk hazijaanza. Watu hudhani ni kwa ajili ya baridi, kumbe ni kwa ajili ya masikio, upepo unaovuja kwenye paipu wausikia vizuri mtaa ukiwa umelala, ikifika saa mbili asubuhi huwezi sikia kitu.

Injini iangalie ikiwa baridi na gari liko mahali sawa, si kwenye mteremko. Toa dipstiki, futa, rudisha, toa tena, oili iwe kati ya alama mbili. Maji ya rediata hivyo hivyo, na kifuniko usikifungue gari likiwa la moto, nimeona mtu akibabuka uso mzima. Bonyeza fenibelti kwa dole gumba, angalia nyufa, chungulia chini ya injini kama kuna tone jipya mchangani. Dakika tano imeisha, sitaki kukaa hapo sana, injini ikigoma itakusimamisha tu. Breki ndio zinazoua.

Haya, upepo, manake breki za lori zafanya kazi kwa upepo wa kwenye tanki. Piga stata uache gari lijaze mpaka usikie ile "pshhh" ya kuonyesha tanki zimejaa, magari mengi geji hapo yasoma bar 8 au psi 120 hivi. Sasa zima. Tia mawe au weji kwenye tairi mbele na nyuma, usisahau, manake hatua inayofuata ni kuachilia hendibreki na tani kumi na kitu hazina huruma. Achilia, kaa kimya dakika moja ukitazama geji. Wanaofundisha madereva wa magari makubwa kule Marekani wana kipimo kizuri, na mimi nakitumia: lori bila trela lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika, na ukikanyaga pedeli ukaishikilia lisizidi 3. Likiwa na trela ni 3 na 4. Likishuka zaidi ya hapo kuna mahali linapumua, teremka, tembea na masikio yako, joenti unayoishuku ipake maji ya sabuni uone mapovu.

Kisha washa swichi bila kupiga injini, kanyaga breki uachie, kanyaga uachie, uteketeze upepo makusudi. Kabla geji haijafika psi 60, yaani bar 4 hivi, king'ora na taa ya kuonya viwe vishapiga kelele. Endelea. Ikifika kati ya 40 na 20 ile nobu ya hendibreki huruka nje yenyewe. Ikiruka umefurahi. Wengi hawajui kwa nini inaruka, basi nikwambie: ndani ya busta za nyuma, yale makopo ya breki karibu na tairi, mna springi nene sana, na ni upepo unaoizuia isifunge breki. Upepo ukiisha, springi inabana na tairi za nyuma zinasimama. Sasa kuna mafundi, busta ikivuja, wanakaza ile bolti ya nyuma wakaifunga springi kabisa ili gari liende "mpaka tufike". Hiyo ni kuchukua kinga ya mwisho ukaitupa. Ukikuta busta imefungwa hivyo kwenye gari ulilopewa, usilitoe, hata kama bosi anapiga simu kila dakika.

Vuta kiringi chini ya kila tanki ya upepo utoe maji. Hapa pwani hewa ina unyevu, maji hayakosi. Maji matupu ni kawaida, lakini ukiona uji mweupe wenye mafuta kompresa inavuta oili, mjulishe makanika. Mwisho wa breki, jaza upepo tena, tanboi, msaidizi wako garini, akanyage wewe uko pembeni unachungulia ile fimbo inayotoka kwenye busta. Kwa busta za saizi ya kawaida ikitoka kupita inchi 2 breki iko mbali, yaani imelegea, na kama kulia yatoka kidogo na kushoto yatoka nyingi, gari litavuta upande siku utakayokanyaga kwa nguvu.

Tairi sasa. Dereva niliyemfanyia utanboi miaka ile alikuwa ananipa wilispana niende nikigonga tairi moja moja, yeye amekaa ndani ya kabini kioo wazi, kahawa mkononi. Nagonga, tairi yajibu "ding" wilispana inaruka mkononi. Nagonga nyingine, "ding". Nikifika moja ikajibu "dup", kabla sijainua mkono nasikia sauti kutoka kabini, "Rudia hiyo." Hakuwa anaiona, ilikuwa ya ndani, ile iliyojificha nyuma ya mwenziwe. Na hizo za ndani ndizo za kuchunga. Ikipungua upepo huioni, mwenziwe wa nje anaishikilia, kumbe ubavu wake unajikunja kila mzunguko, unapata moto, na wa nje amebeba mzigo wa wawili. Kugonga lakini kunakwambia ipi ni mbovu tu, hakukwambii psi ngapi, geji ndio itasema, na upime tairi zikiwa baridi.

Mimi mwenyewe nilipuuza mara moja. Mwaka huo nishakuwa dereva, nimechelewa, nikaambiwa na tanboi ya ndani kushoto "inasema vibaya" nikamjibu tutaiona mbele. Mbele ilikuwa kabla ya Marereni. Tairi ilipasuka, vipande vikapiga madigadi, madigadi ikakata paipu ya upepo, na upepo ulipokwisha zile springi nilizokueleza zikafanya kazi yake, lori likafunga breki katikati ya lami, na nyuma yangu lori la chumvi. Alinikwepa kwa bahati yake na yangu. Huyo tanboi hakunisema hata neno, akachukua laifseva, zile pembetatu za kuonya, akaenda kuziweka.

Ukimaliza kugonga tazama kati ya tairi mbili kama kuna jiwe limekwama, litoe. Tazama nati, ukiona mchirizi wa kutu umetoka kwenye nati kama machozi, hiyo imelegea, na kama kuna tairi imebadilishwa jana izikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kutembea.

Taa: zote, na za breki muombe mtu akuangalizie au rudisha gari karibu na ukuta uone wekundu. Magari yanayobeba chumvi ya Gongoni na Marereni haya mambo ya waya wanayajua, chumvi inaingia kwenye soketi inakula shaba mpaka inakuwa unga wa kijani, jana indiketa iliwaka leo haiwaki. Terminali za betri pia, na hizo paipu za chuma za breki zipitishie mkono, si macho peke yake, rangi yaweza kuwa nzima na chini kumeoza. Lori la chumvi lioshwe kwa maji ya bomba tumboni, si juu tu pale penye maandishi.

Springi za kubebea gari, hesabu majani, yaani vile vyuma vilivyopangwa, lililokatika huonyesha mstari mpya unaong'aa. U-bolti zikaze. Steling ikicheza sana kabla tairi hazijageuka, usitoke.

Kwa mwenye trela: lala chini na tochi uone meno ya ile sahani ya lori yameshika kingpini, ule msumari mnene chini ya trela, na hakuna mwanya kati ya sahani na trela, kisha tia gia, funga breki za trela, vuta kidogo. Miguu ya trela juu. Paipu nyekundu na ya njano zisiburute.

Mzigo nao. Kwa sheria ya Afrika Mashariki lori la eksili tatu mwisho ni tani 26, 8 mbele na 18 nyuma, na hizo ni pamoja na gari lenyewe. Si mizani tu ya kuogopa, breki ulizopima asubuhi gari likiwa tupu si hizo hizo ukiongeza tani 5 za kuiba. Mizigo mizito iwe chini na isogee mbele ya eksili ya nyuma, turubai lifungwe pembe zote, kamba isiyo na fundo la kuunga.

Kabini: laifseva mbili, mtungi wa kuzimia moto wenye geji kijani, jeki inayoinua kweli (ijaribu!), spea iliyojazwa, maji ya kunywa ya siku nzima, leseni na inshuwaransi. Spidi ya lori ni 80, usiguse spidigavana. Na wewe mwenyewe kama jana ulikesha kwenye harusi sema, mwenzako ashike usukani au safari isogee mbele.

Halafu ukaguzi hauishi uani. Ukifika Gongoni simama pahali pana, mwambie tanboi azunguke aweke mgongo wa mkono karibu na kila habu, pale katikati ya tairi, asishike kwa kiganja. Zote zitakuwa vuguvugu. Moja ikiwa yachoma kuliko zenzake, breki inakwaruza au beringi imekauka, na hapo Gongoni fundi yupo na mahamri yapo, subirini ipoe muifungue.