SOMO: Saa otomatiki ya mishale minne kwa mtu wa kipato cha kawaida, jinsi ya kuichagua, kuipanga na kuipima

Habari zenu wakuu.

Dada yangu yuko Maskati, mwanangu yuko Minneapolis, Marekani, mimi niko Tabata. Kwa miaka mingi nilikuwa nahesabu kwa vidole kila nikitaka kupiga simu, na bado nikakosea. Wakati wa baridi kule Minneapolis wako nyuma yetu kwa saa tisa. Ukimpigia mtu saa tano asubuhi ya hapa, kwake ni saa nane usiku. Mwanangu alipokea mara ya kwanza akidhani kuna msiba. Mara ya pili hakupokea.

Najua simu inaonyesha saa za dunia nzima bure. Somo hili ni la yule anayependa saa ya mkononi inayotembea bila betri na ambayo angependa kuiangalia mara moja tu akajua kwao kumekucha au bado.

Saa hizi tunaziita GMT. Juu ya mshale wa saa, wa dakika na wa sekunde unaongezwa wa nne, ambao huzunguka uso mzima mara moja tu kwa siku badala ya mara mbili. Namba zake, 1 hadi 24, mara nyingi ziko kwenye pete ya nje inayozungushwa kwa mkono. Iliyolipa jina hili umaarufu ni GMT-Master ya Rolex ya mwaka 1955, iliyotengenezwa kwa kuwafikiria marubani wa Pan Am, shirika la ndege la Marekani. Hiyo tuiache hukohuko iliko. Tunachojali sisi ni mwaka 2022, Seiko walipotoa Seiko 5 Sports yenye mshale wa nne: SSK001 nyeusi, SSK003 ya bluu na SSK005 ya rangi ya chungwa. Bei ya Marekani ilikuwa dola 475. Si hela ndogo, lakini kabla ya hapo saa otomatiki ya aina hii kutoka kampuni kubwa ilikuwa ghali zaidi kwa mbali. Mashine yake inaitwa 4R34. Ndugu yake, NH34, huuzwa kwa watengenezaji wengine, ndiyo maana leo utaikuta ndani ya saa za San Martin, Pagani Design na wengine wengi kwa bei ya chini zaidi.

HATUA YA 1: Jiulize, unasafiri wewe au wanasafiri wenzako?

Hapa ndipo watu wengi wanapotupa hela, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mashine za GMT ziko za aina mbili, na muuzaji hatakwambia.

Ya kwanza ni ya mkaaji. Mshale wa nne ndio unaoruka peke yake, saa moja moja, na mishale mingine haiguswi. Wewe uko nyumbani, saa yako ya hapa haibadiliki, unapeleka tu mshale wa nne kwenye saa za Maskati au Toronto. 4R34 na NH34 ni za aina hii.

Ya pili ni ya msafiri. Hapa mshale mfupi wa saa ndio unaoruka. Ukishuka kwenye ndege unauvuta mbele au nyuma, dakika na sekunde zinaendelea kama kawaida, tarehe inaufuata, na mshale wa nne unabaki umeshika saa za nyumbani. Kwa muda mrefu hii ilikuwa ya matajiri tu, mpaka Miyota, walio chini ya Citizen, walipotoa mashine yao ya 9075 mwaka huohuo wa 2022. Saa zenye 9075 kwa kawaida ni ghali kuliko zenye NH34.

Kwenye tangazo zote mbili zimeandikwa "saa ya msafiri". Mimi nilinunua 4R34 na sijutii, maana miguu yangu haitoki Dar. Waliosafiri ni watoto.

HATUA YA 2: Ukiwa dukani, usiangalie urembo kwanza

Vuta ufunguo (kile kitufe cha pembeni) mpaka mwisho. Mshale wa sekunde lazima usimame. Sasa zungusha mpaka mshale wa saa na wa dakika ilale yote kwenye 12 kabisa, halafu angalia wa nne. Uwe umenyooka kwenye namba ya saa nzima, si katikati ya namba mbili. Ukiwa pembeni kidogo, utasumbuka nao maisha yako yote, na fundi atalazimika kufungua saa ili aurekebishe.

Endelea kuzungusha mshale wa saa duru nzima, kutoka 12 mpaka 12. Wa nne unatakiwa uwe umekwenda nusu duru tu. Ukizunguka duru nzima pamoja na mwenzake, hiyo ni feki, hata kama imeandikwa jina la nani. Mimi niliuziwa moja ya namna hiyo na muuzaji mmoja wa mtaani aliyeapa kwa jina la mama yake. Mshale wa nne ulikuwa pambo.

Rudisha ufunguo hatua moja ndani. Upande mmoja ubadilishe tarehe, upande mwingine urushe mshale wa nne. Uruke saa nzima nzima, kwa mdundo unaousikia kwenye kidole.

Kwa Seiko, soma namba ndogo ya mfululizo mgongoni. Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9, kisha O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Ikianza na 3N, ni Novemba ya mwaka unaoishia na 3. Muuzaji akisema imetoka kiwandani mwaka huu, utajua kama anakuchezea.

Kioo chake kinaitwa Hardlex. Kinavumilia kugongwa, lakini kikikwaruzwa mkwaruzo hautoki, wala usidanganywe na dawa ya meno. Wanaotaka kioo cha yakuti watakipata kwenye saa nyingi za NH34, ajabu ni kwamba hata zile za bei ya chini wanazo.

Na ijaribu mkononi. SSK001 ina upana wa milimita 42.5, lakini kutoka pembe hadi pembe, pale mkanda unaposhika, ni 46 tu. Ndiyo maana haionekani kubwa kama namba yake inavyotisha.

HATUA YA 3: Kuipanga

Ikiwa imezimika, itie ufunguo kwanza, mizunguko ishirini au thelathini, taratibu. Vuta ufunguo mpaka mwisho, peleka mishale mbele mpaka uone tarehe inaruka. Hapo ni usiku wa manane. Sasa nenda kwenye saa za hapa ulipo. Mshale wa saa, wa dakika na wa nne huenda pamoja katika hatua hii, kwa hiyo usijisumbue kuupanga wa nne mapema.

Rudisha hatua moja ndani. Panga tarehe, kisha rusha mshale wa nne kwenye saa za mbali. Unakwenda upande mmoja tu, ukipitiliza kwa saa moja itabidi uuzungushe duru nzima. Tarehe usiiguse kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa usiku, maana meno ya kuibadilisha yanakuwa yameshashikana na unaweza kuyavunja.

Mahali pa tatu panapatikana kwa pete ya nje. Mshale wangu wa nne uko Maskati, saa moja mbele yetu. Nikitaka kusoma London wakati wa baridi, ambako wako nyuma ya Maskati kwa saa nne, nazungusha pete kwa saa nne kuelekea kulia. Kila alama ya saa kwenye uso ni sawa na saa mbili za pete, kwa hiyo ni alama mbili tu. Pete ya SSK001 haina mdundo, inateleza, basi ipange kwa jicho.

Na hili nimeligundua mwenyewe nikiwa kwenye foleni ya Mandela. Saa za watu wengi duniani zinaanzia usiku wa manane, sisi Waswahili tunaanzia alfajiri. Toka utotoni tumezoea kusoma namba iliyo upande wa pili wa mshale: mshale uko kwenye 7, sisi tunasema saa moja. Sasa acha mshale wa nne kwenye saa za hapa, kisha zungusha pete mpaka pembetatu yake (iliyo mahali pa 24) ikae kwenye alama ya 3 ya uso. Basi! Mshale wa nne utakusomea Kiswahili. Jua likichomoza uko kwenye pembetatu, saa sita mchana unaelekeza chini wima kwenye 6, magharibi uko kwenye 12. Saa moja usiku utasoma 13, yaani mchana umekwisha na saa moja juu yake. Kama pete yako ina rangi mbili za mchana na usiku, zitakuwa zimehama mahali pake. Babu yangu asingejali.

HATUA YA 4: Kuipima kwa wiki moja

Seiko wanaahidi kwamba 4R34 itakimbia isizidi sekunde 45 kwa siku, au ichelewe isizidi 35. Ndiyo, sekunde 45 kwa siku, na mtu asikudanganye kwamba otomatiki ya bei hii itashindana na saa ya betri ya shilingi elfu ishirini.

Ilinganishe na saa ya simu asubuhi, andika tofauti, rudia kila siku saa ileile. Yangu hukimbia sekunde 12 kwa siku, ni dakika sita kwa mwezi. Mimi nairudisha kila mwisho wa mwezi nikilipa LUKU. Jaribu pia jinsi ya kuilaza. Yangu ikilala chali usiku hukimbia, ikisimama ubavuni ufunguo ukiwa juu hupunguza. Kwa kubadilisha ulalo nimeweza kuivuta karibu na sekunde tano bila kumlipa fundi hata senti.

Kipimo cha pili ni akiba. Ikijaa kabisa inatakiwa itembee saa 41 bila kuvaliwa. Ivue Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na Jumapili saa tano asubuhi inapaswa iwe ndiyo kwanza inaishiwa. Ikikata Jumamosi usiku, na una hakika ilijaa, irudishe dukani ukiwa bado na risiti.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi ni dereva wa malori, Dar hadi Lubumbashi. Nikivuka Tunduma saa inarudi nyuma. Hii ya mkaaji itanifaa?

Itakufaa, kwa sababu njia yako ina badiliko moja tu. Zambia na Lubumbashi wote wako nyuma yetu kwa saa moja. Acha mishale mikuu Dar, mshale wa nne uweke saa moja nyuma, na usiguse kitu mpaka urudi. Kama ungekuwa unaruka Nairobi, Dubai na Kinshasa ndani ya wiki moja ningekwambia tafuta yenye 9075.

Swali: Tarehe ya saa yangu inabadilika saa sita mchana. Ni mbovu?

Hapana, ulipoipanga ulikosea usiku na mchana. Vuta ufunguo mpaka mwisho, sogeza mishale mbele kwa muda wa saa kumi na mbili, kisha rekebisha tarehe na mshale wa nne.

Swali: Kaka, inasemekana inastahimili maji hadi mita 100. Naweza kwenda nayo Kigamboni?

Kuogelea tu, ndiyo. Kuzamia, hapana, kwa sababu ufunguo wa SSK001 haufungwi kwa skrubu. Hakikisha umesukumwa ndani kabla hujaingia, usiuguse ukiwa majini, na ukitoka isuuze kwa maji baridi ya bomba. Chumvi ikikaukia chini ya pete, pete inakwama.

Swali: Mkono wangu mwembamba, mimi ni mwanamke. Hakuna ndogo?

Ipo, dada. SSK023 na SSK025 za mwaka 2023 zina mashine hiyohiyo na upana wa milimita 39.4. Pete yao haizunguki, kwa hiyo utakuwa na sehemu mbili za dunia, si tatu.

Swali: Yangu ilikuwa nzuri, ghafla imeanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku.

Uliiweka wapi? Kishikio cha simu chenye sumaku, spika, mlango wa friji, vyote hivyo ni adui zake. Mpelekee fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku, kazi ya dakika moja. Usikubali aifungue kabla hajajaribu hilo.

Swali: Fundi ameniambia anaibadilisha mashine yote, ataweka NH35, eti ni zilezile.

Si zilezile. NH35 haina mshale wa nne. Mwambie NH34, na uione kabla hajaifunga.

Swali: Mtoto wangu yuko Marekani na saa zao zinabadilika kila mara. Nifanyeje?

Mara mbili kwa mwaka tu. Jumapili ya pili ya Machi wanasogea mbele, Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudi nyuma. Kwa Minneapolis ina maana tofauti yetu ni saa nane kiangazi na tisa wakati wa baridi. Uingereza wana tarehe zao: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Maskati hawabadilishi kabisa, ndiyo maana mshale wangu wa nne nimeuacha kwa dada, na mtoto nimempa pete.